Anga Tusiyoipima Juu ya Ziwa

Mwezi wa Machi mwaka jana nilimsindikiza mpima ardhi mmoja katika mashamba ya miwa yaliyo kati ya Kibos na Miwani. Alikuwa ameitwa kurudisha mpaka wa vipande viwili vya ardhi ambavyo ndugu wawili walikuwa wakivigombania tangu baba yao afariki, na ndugu wenyewe walikuwa wamesimama pale, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakiifuata kwa macho kila hatua yake. Asubuhi kipokezi chake cha setilaiti, kilichofungwa juu ya fimbo ya mita mbili, kilikuwa kikitoa jibu thabiti ndani ya sekunde chache, kwa usahihi wa sentimita mbili au tatu. Ilipofika saa tisa alasiri jibu lile lilianza kuyumba. Tarakimu za mwisho zilikimbia, zikatulia, zikakimbia tena, na kila baada ya dakika chache kifaa kiliandika kwamba hakina uhakika na mahali kilipo. "Mwalimu, tungoje kidogo," aliniambia, "alasiri kama hizi anga huwa na mambo yake." Tukakaa kwenye ukingo wa mfereji. Yule ndugu mkubwa akauliza kama mashine imeharibika. "Hapana, mzee," mpima alimjibu kwa upole, "mashine ni nzima."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi moyoni. Mashine ilikuwa nzima kweli, na kilichokuwa na kasoro kingeweza kuwa kimojawapo cha vitu vitatu: mtandao wa simu unaoleta masahihisho kutoka kituo cha rejea, yaani kipokezi kingine kilichosimikwa mahali panapojulikana kwa hakika, miwa mirefu iliyoziba sehemu ya upeo, au ionosfia, yaani tabaka la angahewa lenye umeme ambalo mawimbi ya setilaiti hulazimika kulipenya kabla ya kutufikia. Viwili vya kwanza tulivikagua palepale, kwa sababu mtandao unaonekana kwenye simu na miwa inaonekana kwa macho. Cha tatu hatukuwa na njia ya kukikagua, wala hatukuwa na mahali pa kufungua na kusoma hali ya ionosfia juu ya Kisumu saa ile. Ndugu wale walirudi nyumbani bila mpaka, nasi tukarudi mjini bila sababu.

Ninaandika kwa kuwa naamini upungufu huu unaweza kuondolewa, na kwamba tumeutazama vibaya. Kila linapozungumzwa suala la anga za juu nchini, tunazungumzia vyombo: nani anunue, nani arushe, nani azindue. Hoja yangu ni kwamba ionosfia ya magharibi mwa Kenya inahitaji kwanza rekodi isiyokatika, inayopimwa kutoka ardhini, na kwamba kuitunza rekodi hiyo ni kazi ya kila siku ambayo hakuna mgeni atakayetufanyia.

Ionosfia huanza takribani kilomita 60 juu ya vichwa vyetu na kuendelea hadi karibu kilomita 1,000. Huko juu mionzi ya jua ya urujuanimno na ya eksirei huzibandua elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli, na kwa kuwa hewa ni nyembamba sana, elektroni hizo huchukua muda kabla ya kurudi zilikotoka. Wataalamu huyagawa matabaka yake kwa herufi: D chini kabisa, ambalo huwapo mchana na kutoweka usiku, E katikati, kwenye kimo cha kilomita mia moja na ushee, na F juu, ambalo mchana hugawanyika mara mbili, na ambalo sehemu yake ya juu, iitwayo F2, ndiyo yenye elektroni nyingi kuliko zote na ndiyo inayobaki hadi alfajiri.

Watu wa rika langu waliokulia Ugenya, Bunyore au Kimilili waliifahamu ionosfia kabla ya kulijua jina lake. Tuliifahamu kwa redio ya mawimbi mafupi iliyowekwa dirishani, antena ikiwa imeongezwa waya uliofungwa kwenye mti, na mzee wa nyumba akisogeza kitufe kidogo kidogo kutafuta taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka London au Ujerumani. Sauti ilikuja, ikazama, ikarudi, na usiku ulipoingia ikajichanganya na vituo vya mbali ambavyo mchana havikusikika kabisa. Kuzama na kurudi kule kulikuwa ni tabaka la F likipanda na kushuka, na vituo vile vya usiku vilitufikia kwa sababu tabaka la D, linalomeza mawimbi wakati wa mchana, lilikuwa limetoweka pamoja na jua. BBC ilianza matangazo yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Siku nne baadaye, tarehe 1 Julai, ulianza Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ambao ndio uliosambaza vituo vya kupima ionosfia duniani kote. Sauti ile na mtandao wa vituo vya kuipima njia yake angani vilizaliwa katika juma moja, lakini sisi tuliipokea sauti peke yake.

Njia yenyewe ya kupima ni ya zamani, na ningependa msomaji aione jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu ndani yake hamna la kutisha. Mwezi wa Desemba 1924, Edward Appleton na msaidizi wake walitumia kituo cha BBC cha Bournemouth kurusha mawimbi ambayo waliyapokea Oxford, wakabadilisha masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, polepole, na kutokana na jinsi wimbi lililopita ardhini lilivyopishana na lile lililorudi kutoka juu, wakathibitisha kwamba huko juu kuna tabaka linaloakisi. Mwaka uliofuata, Gregory Breit na Merle Tuve nchini Marekani walifanya jambo jepesi zaidi kuelezwa: walirusha mipigo mifupi ya redio na kupima muda ambao mwangwi wake ulichukua kurudi. Mtu akipiga kelele mbele ya jabali na kuhesabu sekunde hadi sauti imrudie, atajua umbali wa jabali. Hicho ndicho ionosonda, chombo cha kuipima ionosfia kutoka ardhini, inachofanya, isipokuwa jabali lake ni elektroni na kelele yake ni redio.

Ionosonda hurusha mipigo yake wima kuelekea juu, ikianzia kwenye masafa ya takribani megahezi moja na kupanda hatua kwa hatua hadi megahezi ishirini au zaidi. Kila masafa huakisiwa na kiwango fulani cha elektroni, na ya juu zaidi huhitaji elektroni nyingi zaidi ili yarudishwe. Hatimaye hufika masafa ambayo hata kilele cha tabaka la F2 hakiwezi kuyazuia, yakapenya na kupotelea angani. Masafa ya mwisho kurudi kabla ya hapo huitwa masafa ya ukomo, na kutoka kwayo hesabu ni fupi: ukomo wa megahezi 9 humaanisha kwamba kwenye kilele kuna elektroni zipatazo trilioni moja katika kila mita moja ya ujazo, na ukomo ukiongezeka maradufu, elektroni huwa zimeongezeka mara nne. Kazi nzima huchukua dakika moja au chache, na vituo vingi huirudia kila robo saa, mchana na usiku.

Matokeo yake ni picha iitwayo ionogramu. Mara ya kwanza nilipofundishwa kuisoma nilidhani ningekutana na jedwali la namba, kumbe ni mstari. Masafa yameandikwa chini kutoka kushoto kwenda kulia, kimo kimeandikwa pembeni, na mwangwi umechora mkunjo unaokwenda karibu sawasawa, kisha ukakaribia masafa ya ukomo na kupinda kwenda juu kama mkia wa jogoo. Ukitazama vizuri unaona mikia miwili, mmoja ukiutangulia mwingine kwa karibu nusu megahezi katika latitudo zetu, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia huligawa wimbi la redio mara mbili. Kimo kinachosomwa moja kwa moja si kimo halisi, maana wimbi hupunguza mwendo linapopita ndani ya elektroni, na mwangwi uliochelewa huonekana kama umetoka mbali zaidi kuliko ulikotoka, hivyo hesabu ya kurudisha kimo cha kweli lazima ifanywe. Kuna usiku ambapo mkunjo ule safi haupo kabisa, na mahali pake pana doa pana lililotawanyika, kama wino ulioangukia karatasi yenye maji. Doa hilo lilielezwa mwaka 1938 na Booker na Wells kutokana na vipimo vya Huancayo nchini Peru, mahali palipo karibu na ikweta ya sumaku, nalo ndilo linalotuhusu sana sisi wa huku.

Hapa Maseno, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, kuna alama ya ikweta ambapo wasafiri husimama kupiga picha. Ikweta hiyo ni ya jiografia. Ionosfia hufuata ikweta nyingine, ile ya sumaku, ambayo katika Afrika Mashariki hupita kaskazini zaidi, nchini Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Juu ya mstari huo uga wa sumaku umelala sambamba na ardhi, na mchana uga wa umeme unaoelekea mashariki huzinyanyua elektroni kwenda juu sana, kisha uzito na msukumo wake wenyewe huzitelemsha kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, mithili ya maji ya chemchemi yanayoruka na kuangukia kando. Matokeo yake ni ya ajabu: elektroni ni chache juu ya ikweta yenyewe ya sumaku, lakini hurundikana katika vilele viwili, kila kimoja takribani digrii 15 kutoka kwenye mstari huo. Kisumu iko karibu digrii 10 kusini ya ikweta ya sumaku. Hatuko bondeni, wala hatuko kileleni. Tuko kwenye mteremko.

Mteremko ndio unaomsumbua mpima ardhi. Njia yake ya kupata sentimita mbili hutegemea dhana kwamba anga iliyo juu ya kituo cha rejea ni sawa na anga iliyo juu ya kipokezi chake shambani, ili makosa ya huku yafutwe na makosa ya kule. Mtu aliyesimama Miwani akatazama kaskazini atauona ukuta wa milima ya Nandi ukipanda ghafla kutoka tambarare. Ionosfia ya alasiri nayo ina kuta kama hizo, ingawa hazionekani, na kituo cha rejea kikiwa chini ya ukuta na kipokezi kikiwa juu yake, ile dhana ya usawa huvunjika. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku ile. Ninachosema ni kwamba mahali petu na saa ile ndipo jambo hilo linapotarajiwa, na kwamba kuapa au kukana kungehitaji kipimo.

Usiku una shida yake nyingine. Jua linapotua, sehemu ya chini ya ionosfia hupoteza elektroni zake haraka huku tabaka la F likisukumwa juu zaidi, na hali inakuwa kama kuweka maji mazito juu ya mafuta mepesi: kilicho chini hutafuta njia ya kupanda. Viputo vyenye elektroni chache sana huchomoza, vikapanda mamia ya kilomita, na kunyooka kufuata mistari ya sumaku hadi vikapita juu yetu. Huanza baada ya saa moja hivi usiku na mara nyingi hupungua baada ya saa sita, na huwa vingi kwenye miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua limechangamka. Mawimbi ya setilaiti yakipita ndani ya viputo hivyo humetameta kama nyota zinavyometameta, na kipokezi hushindwa kuyafuata. Data za setilaiti zimeonyesha kwamba ukanda wa Afrika una viputo kwa wingi na kwa namna isiyofanana kabisa na ile ya Amerika Kusini, ambako nadharia nyingi zilitungwa kwa sababu ndiko vyombo vilikokuwa.

Ukubwa wa jambo hili unapimika. Wataalamu huhesabu elektroni zilizo katika nguzo moja ya anga kwa kipimo ambacho kila uniti yake huchelewesha wimbi kuu la GPS kwa umbali unaolingana na sentimita 16. Alasiri ya mwaka ambao jua limechangamka, uniti 60 au 80 katika ukanda wetu si jambo la kushangaza, nazo ni mita kumi na zaidi za kosa kabla ya masahihisho. Simu ya kawaida hutumia fomula fupi inayotangazwa na setilaiti zenyewe, ambayo kwa wastani huondoa karibu nusu ya kosa hilo. Kwa anayetafuta duka Kondele, kosa linalobaki halina madhara. Kwa mpaka wa shamba, kwa ndege isiyo na rubani inayonyunyizia dawa, au kwa rubani anayeshuka Kisumu kwa kutegemea setilaiti wakati mawingu yameshuka juu ya ziwa, ni jambo jingine. Marekani na Ulaya zimekuwa na mifumo ya kusahihisha GPS kwa ajili ya ndege kwa miaka mingi, na mojawapo ya sababu kubwa zinazofanya mifumo ya namna hiyo iwe migumu kujengwa kwenye nchi za ikweta ni ionosfia hii hii.

Dhoruba kubwa nazo zinakuja. Tarehe 6 Septemba 2017 mlipuko mkubwa wa jua uliyazima mawasiliano ya mawimbi mafupi kwa saa kadhaa katika visiwa vya Karibi, wakati ule ule ambapo waokoaji walikuwa wakiyategemea kwa sababu ya kimbunga Irma. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dhoruba ya sumaku iliyofika daraja la juu kabisa iliwalazimu wakulima wa Marekani, waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda, kusimamisha matrekta yanayoongozwa na setilaiti. Huko walijua sababu siku ile ile. Hilo la kujua sababu siku ile ile ndilo ninalolitamani zaidi.

Kituo kimoja hakitoshi kutupa ujuzi huo, kwa kuwa ionosonda huona kile kilicho juu yake tu, tena upande wa chini wa kilele peke yake, maana mwangwi hautoki nyuma ya kilele. Vipokezi vya setilaiti vina kasoro ya kinyume: huhesabu elektroni zote kutoka chini hadi juu, lakini havisemi ziko kwenye kimo gani. Vikiwekwa pamoja, kimoja hujaza pengo la kingine, na vituo vingi vikipima kwa wakati mmoja na kubadilishana data, mtu anaweza kuifuatilia hali ya anga ikitembea kutoka Ethiopia hadi kwetu na kuendelea Tanzania. Ndiyo maana ya mtandao. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Lowell hukusanya ionogramu za vituo vya nchi nyingi na kuziweka wazi muda mfupi baada ya kupimwa, na mtu aliye Kakamega mwenye simu anaweza kuitazama anga ya Ugiriki ya robo saa iliyopita. Ya Kakamega hawezi.

Ramani ya vituo hivyo ni somo lenyewe. Ulaya imesongamana. Kusini mwa Sahara nukta ni chache, na sehemu kubwa yake iko Afrika Kusini, ambako shirika la anga la nchi hiyo lina kituo cha Hermanus kinachofuatilia hali ya anga za juu saa ishirini na nne na kutoa taarifa kwa usafiri wa ndege. Chuo Kikuu cha Ilorin, Nigeria, kimekuwa na ionosonda tangu mwaka 2010. Kwa upande wa vipokezi vya setilaiti hali yetu ni afadhali: Malindi ina kituo kilichomo katika mtandao wa kimataifa, Mbarara nchini Uganda ina kingine, na Chuo Kikuu cha Maseno kimekuwa na kipokezi cha kupima kumetameta kwa mawimbi, ambacho data zake zimetoa machapisho ya kisayansi yaliyoandikwa na watafiti wetu wenyewe. Vingi vya vifaa hivyo vililetwa Afrika kwa juhudi za kimataifa zilizoanza mwaka 2007, miaka hamsini baada ya ule mwaka wa jiofizikia. Ninalitaja hili kwa shukrani ya dhati. Lakini kipokezi kilicholetwa na mradi huwa na umri wa mradi.

Nitaeleza nilichokiona. Miaka michache iliyopita niliingia katika chumba cha chuo kimoja ambacho sitakitaja, nikaonyeshwa kifaa cha aina hii. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa gazeti. Kompyuta yake ilikuwa ikiwaka, lakini saa yake ilionyesha mwaka uliopita, kwa sababu kila umeme ulipopotea ilianza upya na hakuna aliyeirekebisha. Waya wa antena ulikuwa umekatwa na mafundi waliokuja kuziba paa lililovuja. Fundi aliyefundishwa kukihudumia alikuwa amepata kazi kwingine, na aliyeachiwa funguo alikuwa mtu mwema aliyekuwa na kazi nyingine tatu. Hakuna aliyefanya uovu pale, wala hakuna aliyeiba. Chombo kilikuwepo, bajeti ya kukinunua ilikuwa imetumika ipasavyo, picha za kukipokea zilikuwa zimebandikwa ukutani, na miezi kumi na minne ya anga ilikuwa imepita bila kuandikwa. Miezi hiyo hairudi. Mtu anaweza kununua sanduku jipya kesho, lakini hawezi kununua Machi iliyopita.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika sayansi hii daftari ndilo mali lenyewe. Jua lina mzunguko wa takribani miaka kumi na moja, kutoka utulivu hadi msukosuko na kurudi tena, na mwezi wa Oktoba 2024 mashirika ya Marekani yalitangaza kwamba limefika katika kipindi cha kilele. Data za miaka miwili za kilele haziwezi kutuambia lolote la uhakika kuhusu miaka ya utulivu, wala za utulivu haziwezi kutuandaa kwa kilele. Uingereza ilianza kupima mfululizo kule Slough mwanzoni mwa miaka ya 1930, na leo rekodi ndefu za aina hiyo ndizo zinazotumika kuchunguza swali ambalo waanzilishi wake hawakuwahi kuliota, nalo ni kama tabaka la juu la angahewa linapoa na kushuka kadiri kaboni dayoksaidi inavyoongezeka. Aliyewasha mashine ile asubuhi ya kwanza hakujua angemjibu nani.

Wapo wanaosema, na ninawaheshimu, kwamba zama za kupima kutoka ardhini zimepita. Setilaiti sita zilizorushwa mwezi wa Juni 2019 kwa ajili ya latitudo za chini hutazama mawimbi ya GPS yanavyopinda kwenye ukingo wa dunia, na kutoka hapo huchora mpangilio wa ionosfia kutoka chini hadi juu, hata juu ya ziwa letu. Ni kazi nzuri mno. Hata hivyo hesabu yake hudhani kwamba anga haibadiliki sana katika umbali mrefu ambao wimbi limepita kwa ubavu, na tumeshaona kwamba juu yetu pana mteremko, yaani mahali hasa ambapo dhana hiyo hudhoofika. Setilaiti pia hupita na kwenda zake, ionosonda hukaa. Wengine husema kuna modeli ya kimataifa ya ionosfia ambayo mtu hujaza tarehe na mahali akapata jibu. Modeli hiyo, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ni muhtasari wa ushahidi uliokusanywa, na hutoa wastani wa mwezi. Pale ambapo mashahidi walikuwa wachache, muhtasari hukisia kwa kutumia majirani wa mbali, na hauwezi kumweleza mpima wa Miwani kilichotokea saa tisa ya siku fulani.

Nchi yetu imejitahidi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilianzishwa mwaka 2017, na setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 huku wengi wetu tukiitazama kwa fahari. Nilishangilia pia. Ningeomba tu sehemu ndogo ya fahari hiyo ielekezwe kwenye mlingoti wa chuma katika uwanja wenye nyasi, ambao hautaonyeshwa kwenye taarifa ya habari, lakini utatueleza kila robo saa hali ya kitu ambacho kila wimbi la setilaiti hiyo hukipitia.

Mahali pafaapo pako. Viwanja vya vyuo vikuu vya Maseno na Kakamega viko mbali kiasi na kelele za umeme za mji, vina nafasi ya antena yenye mlingoti wa mita ishirini au thelathini, na vina wanafunzi wa fizikia wanaosafiri mbali kutafuta data za kuandikia tasnifu zao. Adui wa kwanza atakuwa radi, kwa kuwa kanda hii ya ziwa na nyanda za Kakamega na Kisii hupigwa na ngurumo karibu mwaka mzima, na kituo kisicho na waya mzuri wa kuupeleka umeme wa radi ardhini hakitamaliza msimu mmoja wa mvua. Adui wa pili ni kupotea kwa umeme wa kawaida. Hapa paneli za sola na betri zimekuwa za bei inayowezekana, na kifaa chenyewe hakili umeme mwingi. Itahitajika leseni ya masafa, maana chombo kinachorusha mawimbi kutoka megahezi moja hadi ishirini hupita katika masafa ya watu wengine, ingawa kwa mipigo mifupi. Yote haya yana majibu ya kifundi yanayojulikana.

Jibu lisilo la kifundi ni mshahara. Kituo kinahitaji watu wawili walioajiriwa kwa kudumu, si kwa mradi, ambao kazi yao iliyoandikwa ni kuhakikisha kwamba siku haipiti bila kipimo, na ambao mmoja akienda likizo mwingine yupo. Jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa ina kaunti kumi na nne. Mishahara miwili ikigawanywa kwa kaunti kumi na nne ni fedha ambazo bunge la kaunti lolote huweza kuzipitisha bila mjadala mrefu, na kwa kurudisha, kila ofisi ya ardhi katika kaunti hizo ingepata taarifa ya kila siku inayosema saa zipi vipimo vya sentimita viaminiwe na saa zipi visubiriwe. Data zenyewe ziwekwe wazi kwa wote tangu siku ya kwanza. Data iliyofungiwa kabatini huanza kuoza pamoja na kabati.

Kando ya kituo hicho, shule za sekondari zinaweza kushiriki kwa gharama ndogo sana. Chuo Kikuu cha Stanford kimesambaza kwa miaka mingi kipokezi kidogo cha mawimbi marefu ambacho mwanafunzi hukiunganisha na kompyuta na antena ya waya aliyoizungusha mwenyewe kwenye fremu ya mbao, na kila jua linapolipuka, mstari kwenye skrini huruka kwa sababu tabaka la D limebadilika ghafla. Mtoto wa Vihiga anayeuona mstari huo ukiruka saa sita mchana, na kisha kusoma jioni kwamba kweli jua lililipuka dakika ile, amejifunza jambo ambalo ubao na chaki haviwezi kumfundisha. Huyo ndiye fundi tutakayemhitaji miaka kumi ijayo.

Yule mpima ardhi ninamwona mara kwa mara. Hakungoja kituo. Katika daftari lake la shambani, ambalo lina safu ya namba ya alama, safu ya mashariki, safu ya kaskazini na safu ya kimo, ameongeza kwa rula safu mbili za ziada. Katika ya kwanza huandika saa na dakika ambapo kipokezi kimepoteza jibu, na huandika kila mara, iwe ni Muhoroni, Ahero au Luanda. Aliponionyesha mwezi uliopita kurasa zilikuwa zimefika arobaini na tatu, na alasiri za Machi na za Septemba zilikuwa zimejaa zaidi ya nyingine, kwa mwandiko mdogo uliobanana. Safu ya pili ameipa kichwa "Sababu". Ameandika "mtandao" mara kadhaa, "miti" mara kadhaa, na sehemu kubwa iliyobaki ameiacha wazi ili ajaze atakapopata pa kuuliza.